Dozi ya Tatu

Nina mtoto wa miaka thelathini na tisa, na mimi mwenyewe niko form three. Msishtuke, sikumzaa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo dada ya baba yangu, ambaye mimi namwita tata, akiniangalia anamwona mama yake mara ya pili, ingawa yule wa kwanza bado yuko hai na hajapunguza kelele. Ananiita maitu, yaani mama yangu. Wageni hudhani ananibembeleza. Hakuna kubembeleza hapo, hiyo ni sheria, na mimi nilijua kuitumia kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikitaka kipande cha pili cha nyama ninamuuliza, "Kwani unamnyima mama yako?" Nikichelewa kuamka ninamwambia mama yake ni mzee, mgongo unamsumbua.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilipelekwa kwake Kimbo kwa sababu baba alisema nyumba yetu ya Kamenu imechoka na mdomo wangu na inahitaji kupumzika. Sikubisha. Tata alikuwa amefungua ofisi ya kuchapa: chumba kimoja katikati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku, mlango wa kijani, benchi moja nje, mashine ya fotokopi iliyotaka kupigwa kofi ndipo ifanye kazi, printa iliyolia kama cherehani imekasirika, na kompyuta. Kompyuta ilikaa mezani chini ya kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau. Kuifunua asubuhi ilikuwa ibada. Tata alikunja kitambaa mara nne, akapuliza vumbi la Kimbo, ambalo halijawahi kupulizwa likaisha, kisha akabonyeza swichi na kurudi nyuma hatua moja.

Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kumi na minne kwenye dirisha la dawa katika dispensari. Yeye ndiye aliyekuwa anakupa bahasha na kukuambia moja mara tatu, maliza dozi yote hata ukisikia umepona. Siku moja akaamka akaacha. Alisema amechoka kuona watu wakiwa wagonjwa tu, anataka kuwaona siku wana harusi. Cucu, yaani mama yake yule wa kweli, mshindani wangu, alisema mbele ya watu wote kwamba Krismasi haitafika kabla tata hajarudi dirishani kuhesabu vidonge. Tangu siku hiyo kila mteja akiingia, tata alisimama wima kama mtu anayefanyiwa mtihani.

Dispensari aliiacha, tabia zake akaja nazo. Jamaa aliyemuuzia kompyuta huko Thika, mashine iliyokwisha kutumika katika ofisi fulani, alimpa na disketi tatu akamwambia, "Hizi ni DOS. Ziko tatu. Siku mashine ikigoma utazihitaji." Mimi ningesikia DOS, ile programu inayoamsha kompyuta. Mtu wa dirisha la dawa alisikia dozi. Alifika nyumbani akazitia kila moja kwenye bahasha yake, akaandika juu kwa kalamu nyeusi: DOZI 1, DOZI 2, DOZI 3. Halafu, kwa sababu mkono umezoea, akachora jua dogo, kuonyesha ni ya kumezwa mchana. Disketi za programu ya kuchapa, ile yenye skrini ya bluu, aliziandika VITAMINI.

Siku nilipoziona nilicheka mpaka kinyozi akaja kuuliza nani amekufa.

"Cheka tu, maitu," tata akasema. "Siku itaugua tutaona nani anacheka."

Iliugua Jumatano.

Siku hiyo alikuwa amekuja mama mmoja kutoka Thika, muuza vitenge, Mwislamu, mtu wa kicheko kikubwa. Babu yake mmoja alitoka Sudani, mwingine Ukambani, bibi yake alikuwa Mkikuyu wa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wetu. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka kadi za mwaliko mia mbili, na alizitaka Ijumaa kabla ya adhuhuri, ili watu wakitoka swala asimame nje ya msikiti azigawe kwa mkono wake. Mama huyo alijuana na nusu ya Thika. Akiridhika, nusu ya Thika ingekuja Kimbo. Akikasirika, nusu hiyo hiyo ingesikia. Tata alikuwa amemwekea kiti chenye mto.

Kadi ilikuwa kwenye skrini. Mama akainama, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Dada," akasema, "hapa umeniandikia HALUSI."

"Ndiyo. Halusi."

"Ni harusi. R."

"Si ndiyo nimesema? Halusi."

Sisi nyumbani tuna shida moja. Kikuyu haina L, kwa hivyo mtu akitaka kusema Kiswahili safi anaogopa R zake zote na kuzigeuza L, hata zile zilizokuwa hazina kosa. Tata kwa kuogopa sana aligeuza kila kitu. Alikula wari na mahalagwe. Na tofauti na watu wengine, yeye aliandika vile anasema.

"Wageni watauliza halusi ni ya nani," mama akasema. "Mimi nitajibu, ni ya dada wa Kimbo, yangu mimi ni harusi."

Tata akacheka, akapeleka kidole kurekebisha. Hapo ndipo herufi ya kwanza ilipoanguka.

Ninasema kuanguka na ninamaanisha kuanguka. Ile K ya KARIBU ilitoka mahali pake juu, ikateremka polepole moja kwa moja hadi chini ya skrini, kama parachichi limeiva, ikatulia hapo. Tukaitazama. Ikafuata U. Halafu jina la bwana harusi likaanza kushuka, herufi baada ya nyingine, mpaka likawa lundo.

Mama akavua miwani. "Bwana harusi ameanguka na hajaoa bado," akasema. "Nitamwambia nini binti yangu?"

Tata hakucheka. Alizima, akawasha, akachapa maneno mawili, yakaanguka. Akaweka kiganja juu ya skrini kuona kama ina joto. Kisha akageuka na kuniuliza kwa sauti ya dirishani, "Jana nani aliingia hapa na kitu?"

Jana alikuwa ameingia kijana wa Kalimoni na disketi yake mwenyewe, anataka barua za kuomba kazi. Disketi ilikuwa imetembea ofisi nyingi. Nilimwambia tata hiyo ni virusi, shuleni tuliambiwa inaambukizwa kwa disketi. Neno virusi alilielewa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alifunika kompyuta na kitambaa, akafunga dirisha, akaenda kunawa mikono.

Aliporudi alikuwa amekauka uso. "Dada," akamwambia mama, "sitaki kukudanganya. Labda utafute mtu mwingine."

Na hapo mdomo wangu, ule uliofukuzwa Kamenu, ukafunguka wenyewe. "Nitaifomati," nikasema.

Lazima nieleze ninavyojua kufomati. Shule yetu iko na chumba cha kompyuta ambacho mnavua viatu mlangoni, na harufu ya soksi humo ndani ingetosha kuua virusi yoyote. Muhula wa pili mwalimu alifuta mashine moja yote na kuisimika upya mbele ya darasa. Wenzangu walikaa nyuma wakaona mgongo wa mwalimu. Mimi nilikuwa nimesimamishwa mbele kwa kosa la kuiga anavyopiga chafya, kwa hivyo niliona kila kitu kutoka karibu. Adhabu ile ilinifundisha kuliko vipindi vya mwaka mzima.

"Kufomati ni nini?" tata akauliza.

"Unaifanya isahau kila kitu. Halafu unaifundisha upya."

"Kama kichaa?"

"Kama mtoto."

Mama wa harusi akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaona ndala zangu. "Huyu ni nani wako?"

"Huyu ni mama yangu," tata akasema, bila kufikiri.

"Basi kama mama yako amesema," yule mama akasema, akichukua mkoba wake, "mimi ni nani. Nitarudi kesho asubuhi nikae hapa nione. Wewe bibi, usinivunjie harusi."

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya kinyozi. Tata alikuwa ameandika nyuma ya bahasha ya dawa orodha ya mafaili ya kuokoa, kwa sababu tulikuwa na disketi moja tu tupu, na kompyuta yenyewe ilikuwa na takataka nyingi za ofisi ilikotoka. Orodha ilikuwa ya majina kama kumi: KWAYA, MKUTANO, CHAMA, vitu hivyo. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo zaidi ya mwingine, aliandika BARUA. Ninakumbuka aliandika kwa R, vizuri kabisa. Nafikiri maneno ya mama wa harusi yalikuwa bado yanamwasha.

"Hizo zote," akasema. "Hata hiyo ya mwisho. Hiyo hasa."

Akatoka nje. Dispensari pia, aliniambia, mtoto akipigwa sindano yeye alikuwa anaenda kuangalia maua. Kimbo hakuna maua, kwa hivyo alikaa kwenye benchi na mama wa harusi, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai na mahamri.

Niliwasha kompyuta kwa Dozi 1, ili tusiamshe ugonjwa, nikaanza kunakili jina moja baada ya lingine. KWAYA ikaenda. MKUTANO ikaenda. CHAMA ikaenda ikinung'unika. Nikafika BARUA, nikaandika BARUA, nikabonyeza. Mashine ikanijibu kwa Kizungu chake kwamba hakuna faili kama hiyo.

Nikarudia. Hakuna. Basi nikaomba orodha ya kila kitu kilichokuwa ndani, yakapita majina kama mabati ya paa, na katikati yake nikaliona: BALUA.

Nilicheka peke yangu. Ningeinakili tu na maisha yaendelee. Lakini mimi ni mtu wa kufungua. Nikaamuru mashine inionyeshe kilichomo, na kati ya alama za ajabu ajabu zinazojitokeza ukifungua faili kwa nguvu, maneno ya tata yakatokea. Ilikuwa ni barua kwa daktari mkubwa wa dispensari. Ilisema kwamba mwandishi ni yule aliyekuwa kwenye dirisha la dawa. Kwamba anaomba kulejea kazini kuanzia Jumatatu, kama nafasi yake bado iko wazi. Kwamba amejalibu biashara na ameona haiwezi. Na mwisho: "Nitashukulu sana ukinijibu kimya kimya, mama yangu asijue mpaka nianze."

Jumatatu ilikuwa siku nne mbele.

Nilikaa hapo nikishika magoti. Nje nilimsikia mama wa harusi akisimulia jinsi mazungumzo ya mahari ya dada yake yalivyookolewa na mbuzi mmoja wa ziada, na tata akicheka, lakini kicheko cha mtu anayesikiliza kitu kingine. Nilijua sasa anasikiliza nini. Kama kadi zingetoka, labda ile barua ingekaa humo ndani mpaka izeeke. Kama hazingetoka, angeichapa Jumamosi na kuipeleka, na cucu angeshinda.

Na sentensi ile ilisema mama yangu asijue. Mimi ni nani?

Nikaangalia orodha. Orodha ilisema BARUA. Nilikuwa nimetafuta BARUA mara mbili, mashine ikaapa haipo. Mwalimu wetu wa Kiswahili amenichapa mara ngapi kwa ajili ya R na L? Mimi ni mtoto mtiifu nikitaka. Nikatoa disketi ya akiba, nikaifungia kwenye mkoba wangu wa shule, nikaandika amri ya kufomati.

Mashine ikauliza kama nina hakika, kila kitu kitapotea. Y kama ndiyo, N kama hapana.

"Tata," nikaita, "inauliza kama tuna hakika."

Akaja mlangoni, mkono mmoja na hamri. "Haina mahali pa kusema ngoja kwanza?"

"Haina."

"Hiyo si mashine ya watu wetu," akasema. "Umetoa vyote?"

"Vyote vilivyopatikana."

Akatazama ukuta. "Haya."

Nikabonyeza Y. Namba zikaanza kupanda, asilimia moja, asilimia mbili, na ndani ya sanduku kitu kikakwaruza kama panya anapanga nyumba. Nusu saa nzima kompyuta ilisahau. Ilisahau ofisi ya zamani, ikasahau kijana wa Kalimoni, ikasahau bwana harusi aliyeanguka. Ikasahau na barua. Mama wa harusi aliingia kuangalia, akasema hata yeye ana mambo ya kufomatiwa, nikae karibu.

Baadaye nikaanza kuirudishia akili. Dozi 1 ikaingia, ikasoma, ikatulia. Ikaomba ya pili. Nikaitia Dozi 2, ikameza. Ikaomba ya tatu. Nikachukua bahasha yenye jua, DOZI 3, nikaigeuza juu ya kiganja. Haikutoka kitu.

"Tata. Ya tatu iko wapi?"

Nikageuka. Mtoto wangu wa miaka thelathini na tisa alikuwa ameshika shingo yake kama mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Kuna yule mzee wa studio ya picha, Ruiru," akasema. "Kompyuta yake ilikuwa na shida. Akaniuliza kama nina kitu. Nikampatia."

"Ukampatia dozi ya tatu."

"Yake haikuwa mgonjwa sana."

"Miaka kumi na nne," nikasema, "miaka kumi na nne unawaambia watu wasigawane dawa."

"Wewe usinigombeze, mimi ni shangazi yako."

"Mimi ni mama yako. Nitakugombeza mpaka nichoke."

Mama wa harusi alikuwa amejiinamia, mabega yanatetemeka. Alipoinua kichwa alikuwa na machozi. "Bibi, nenda," akaniambia. "Nenda ukalete. Huyu mtoto wako nitamlinda."

Niliingia njia ya mkato inayopita kwenye mashamba ya kahawa, nikaenda mbio, na ndala moja ikakatika kabla sijaona Ruiru. Mzee wa studio alikuwa anamkalisha mtoto kwenye kiti mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Nilipomwambia nimetumwa disketi alitabasamu kwa fahari.

"Iko salama," akasema. "Nimeiweka vizuri."

Akafungua friji yake ndogo ya kuwekea filamu. Humo, katikati ya mikebe ya filamu na soda mbili, ilikuwa imelala Dozi 3, ina unyevu kama mboga.

"Kwa nini friji, mzee?"

"Si shangazi yako alisema ni dozi? Dawa nyingi huwekwa mahali pa baridi."

"Na mashine yako ilipona?"

"Niliipa hiyo moja tu, ikaikataa." Akatikisa kichwa. "Labda ilikuwa bado na njaa."

Nilipangusa disketi kwa sketi, nikaitia ndani ya sweta chini ya kwapa, nikarudi nikikimbia na ndala moja, nikiiatamia kama kuku. Nilipofika Kimbo ilikuwa kavu na ina joto. Harufu yake siwezi kusema.

Nikaisukuma ndani. Taa ikawaka. Kompyuta ikasoma kidogo, ikakwama, ikakohoa. Nimeapa kusema ukweli: ilikohoa. Skrini ikasema imeshindwa kusoma, na chini yake herufi tatu za kuchagua. A ya kuacha, R ya kurudia, F ya kufeli.

Tata alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakwenda kuangalia maua mara hii. Nilihisi pumzi yake kwenye nywele zangu.

"Ludia," akasema.

Nikabonyeza R. Ikakohoa. Herufi tatu tena.

"Ludia, maitu. Bonyeza L."

"L haiko, tata."

"Hiyo ya kuludia."

"Anasema R," mama wa harusi akasema, kutoka kwenye kiti chenye mto, bila kuinua macho kwenye tasbihi yake.

R. Ikakohoa. R. Nilibonyeza R mpaka nikaacha kuhesabu. Kinyozi akaja, mkasi mkononi, mteja wake nyuma na nusu ya kichwa imenyolewa, wakasimama mlangoni. Kila nikibonyeza, tata alisema neno lile nyuma ya sikio langu, na sijui ni mara ya ngapi nilipomsikia akilisema tofauti. Alisema polepole, kama mtu anayebeba kikombe kimejaa.

"Rudia."

Nikabonyeza. Taa ikawaka na ikakaa imewaka. Kitu ndani kikazunguka, kikazunguka, na mstari wa njano kwenye skrini ukasogea upande wa kulia hadi mwisho. Kisha mashine ikatuambia, kwa adabu kabisa, tuondoe disketi zote na kuiwasha upya.

Kinyozi alisema, "Kumbe," akarudi kazini. Tata alikaa chini sakafuni palepale, kwenye vumbi, akavua viatu vyake, akavipanga kando. Mama wa harusi akammiminia chai.

Vitamini ziliingia bila kelele, moja baada ya nyingine. Skrini ya bluu ilirudi jioni jua likiwa bado liko, na tata akachapa kadi upya kutoka kwenye daftari, kidole kimoja kimoja, akiuliza kila R kabla ya kuiweka. Mama akavaa miwani akasoma. Akasoma tena. "Harusi," akasema. "Alhamdulillahi. Sasa mtu anaweza kuja bila wasiwasi."

Ijumaa asubuhi printa ililia, tukaipiga fotokopi kofi zake, na kadi mia mbili zikaondoka Kimbo saa nne na nusu ndani ya mkoba wa vitenge. Mama aliondoka akiwa ameshatuachia harusi nyingine mbili, za majirani zake, na kipaimara kimoja cha Wakatoliki aliowafahamu kupitia biashara.

Tulipobaki wawili, tata alinyoosha mkono. "Lete disketi ya akiba."

Nikaileta. Akairudisha kazi yake mahali pake, faili moja moja, akiweka alama kwenye bahasha kwa kalamu. Akafika mwisho, kalamu ikasimama.

"Moja haiko."

"Gani?"

"Hii ya mwisho."

"Ah, hiyo. Uliandika B, A, R, U, A. Nilitafuta mara mbili. Mashine ikasema haiijui."

Akaangalia bahasha. Nikaona midomo yake ikisoma neno, kwanza vile lilivyoandikwa, kisha vile anavyolisema. Alielewa. Uso wake ulipita mahali pengi kwa haraka.

"Ungejaribu na L," akasema.

"Shuleni wanatufundisha na R."

Printa ilikuwa bado ina joto, ilifanya tik, tik, ikijipoza. Tata alichukua kile kitambaa cha maua ya zambarau akakikunja, akakikunjua, akakikunja.

"Maitu. Uliisoma?"

"Mama gani hasomi barua ya mtoto wake?"

Sikujua kama atanichapa. Nilipima umbali kutoka kwangu mpaka mlangoni, na nilikuwa bado na ndala moja. Barua ile haikuwa ndefu. Angeweza kuiandika upya kwa robo saa, na Jumatatu ilikuwa bado iko palepale. Akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya wa bluu, akaweka vidole kwenye kibodi. Mimi nikaenda kuangalia maua. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza vidole vyake, kimoja, kimoja, na nikahesabu herufi. Zilikuwa chache mno kwa barua.

Printa ikalia kidogo. Tata akatoka na karatasi moja na vipande vinne vya utepe, akaibandika kwenye mlango wa kijani, kwa usawa wa macho. Iliandikwa:

HAPA TUNATIBU KOMPYUTA ZIRIZO NA VIRUSI. MALIZA DOZI YOTE.

"Inasomeka?" akaniuliza.

Niliiona ile R. Ilikuwa katikati kabisa, imekaa mahali pa L kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwalimu wangu angeizungushia wino mwekundu.

"Inasomeka," nikamwambia. "Iko sawa kabisa."

Alasiri mzee wa studio alikuja, amebeba sanduku la kompyuta yake begani. Alisimama mlangoni akaisoma ile karatasi mpaka mwisho, kisha akamuuliza tata kama mgonjwa aliyeanza na dozi ya tatu anaweza kuanza tena kutoka ya kwanza.